Chokaa ya Msikiti wa Shika Adabu

Peugeot 504 iliiacha barabara ya Likoni, ikajitosa kwenye njia ya vumbi. Sheikhan, afisa wa ujasusi, aliifuata kwa pikipiki ya Yamaha huku akimwomba Mola asichelewe.

Alichelewa.

Pipa la mwisho lilikuwa limekwisha kumiminwa bwawani. Kafedha, dereva wa wanamagendo, alikuwa akiparamia gari. Bastola ya Sheikhan, Browning, ikanguruma, tairi likapasuka. Kafedha akainua mikono, anacheka.

"Tumemwaga tangu asubuhi, bwana mkubwa. Mkemia wenu na achume mwani wake sasa!"

Redio ya Motorola ikakoroma. Nyamvula, mkemia wa idara.

"Wamemwaga nini?"

Sheikhan akasoma maandishi ya pipa. "Asidi."



"Tumekwisha, Sheikhan. Mwani ndio ulioinyonya kadimiamu, ile sumu ya viwandani waliyokuwa wakiitupa humo. Ndio ushahidi wetu. Maji yakiwa makali, mwani huiachilia sumu yote majini. Nani huyanywa?"

Sheikhan akatazama ng'ambo ya bwawa, penye msikiti wa Shika Adabu. Wanawake wamepanga ndoo.

"Mama yangu."

Akamfunga Kafedha pingu, akakimbia naye.

Mzee Mwinyihaji, mtunza msikiti, alikuwa ukingoni akitema mate. "Nimesukutua kwa udhu wa adhuhuri, ulimi wanichoma! Nawakataza hawa, hawasikii."

"Mzee hana meno, kila kitu chamchoma," akasema Bi Johari, akijitwika ndoo.

"Shikamoo, mama. Mwaga."

"Marahaba. Nimwage? Nyumbani hamna hata tone!"

"Wallahi, mama, ni sumu."

Akamtazama mwanawe usoni. Akamwaga.

"Nyamvula! Hakuna dawa?"

"Chokaa. Ukali ukipungua, mwani utaishika sumu upya. Lakini utaipata wapi?"

Kando ya ukuta palikuwa na shimo la chokaa iliyoroweshwa, tayari kuupaka msikiti kabla ya Ramadhani.

Mwinyihaji akasimama mbele yake. "Hii ni wakfu, mwanangu. Haiendi ila ukutani."

"Ukuta utangoja, mzee. Hawa watakunywa."

Mzee akazitazama ndoo za wanawake. Kisha akaikunja kanzu yake.

"Mola atusamehe. Leteni makarai!"

Wakabeba wote. Kafedha naye, na pingu zake.

"Taratibu," Nyamvula akaonya redioni. "Usiache kupima."

Sheikhan alichovya majini karatasi ya kupimia ukali, aliyopewa na Nyamvula. Nyekundu. Wakamwaga. Nyekundu. Shimo likabaki tope, na bado nyekundu. Mwinyihaji akalikwangua kwa viganja.

Karatasi ikageuka.

Alasiri Nyamvula aliwasili na vifaa vyake, akaupima mwani. "Umeishika tena sumu. Kafedha na matajiri wake wana kesi. Ila maji haya yasinywe hata kidogo, mpaka niseme."

"Na ukuta wangu?" akauliza Mwinyihaji.

"Ramadhani hii, mzee," akajibu Sheikhan, "tutasali na weusi wake."

Akaifutika Browning kiunoni, akaitwaa ndoo tupu ya mama yake, akashika njia ya Likoni kutafuta maji.