Kipande cha Sabuni katika Mfuko wa Fundi Atumani

Kila asubuhi, kabla jua halijapasha mabati, Faida alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kufagia gereji ya baba yake na kufuta vifaa. Kuiita gereji ni kuipa heshima kubwa kidogo. Lilikuwa banda la nguzo sita nyuma ya nyumba yao mjini Kasongo, lenye harufu ya grisi na petroli. Lakini miaka ile ya utawala wa Wabelgiji magari yalikuwa machache na mafundi walikuwa wachache zaidi, na kila dereva wa lori, au kamio kama walivyoliita watu wa kule, aliyepita njia ya Kabambare alilijua banda la fundi Atumani.

Upande mmoja wa banda ulikuwa na ukuta wa mbao. Juu ya mbao hizo baba yake alikuwa amechora kwa mkaa umbo la kila kifaa, spana chini ya spana, koleo karibu na nyundo. Mtu akichukua kifaa bila kukirudisha, umbo lilibaki tupu likimsengenya. Faida, binti wa miaka kumi na miwili, alizijua sehemu zote hata akifumba macho.

Kando ya ukuta ulining'inia mfuko wa turubai. Huo uliitwa mfuko wa njia. Fundi Atumani aliubeba juu ya baisikeli kila alipoitwa kwenye gari lililoharibika mbali na mji. Ndani mlikuwa na spana nne nyeusi kwa uzee, nyundo ndogo, bisibisi, tupa na kisu. Hivyo Faida alivipenda. Lakini mlikuwa pia na mpira mwembamba wa kunyonyea petroli, vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, waya, kopo lililokatwa, na kipande cha sabuni ya kufulia kilichoviringishwa katika kitambaa. Hivyo vilimtia haya.

Haya hiyo aliipandikiza Ismaël, binamu yake, kijana mwenye ulimi mwepesi kuliko miguu. Siku moja aliuchungulia mfuko akacheka mpaka akashika nguzo.

"Faida, baba yako ni fundi ao ni muchuuzi wa takataka?" aliuliza. "Na hii sabuni, anaenda kufua makamio?"

Maneno yale yalimkaa Faida rohoni. Tena yalimkaa zaidi wiki iliyofuata, wakati mzungu mmoja wa kazi za barabara alipohamishwa kwenda Kindu. Kabla ya kuondoka alimwachia fundi Atumani sanduku jekundu la bati lenye spana kumi na mbili zinazong'aa. Faida aliziona akameza mate. Baba yake alishukuru, akaliweka sanduku kwenye rafu, akasema tu, "Tutaona kazi yake."

Alhamisi moja, siku ambayo chuo cha Kurani kilikuwa kimefungwa, mtu wa baisikeli aliingia uani akitweta.

"Fundi, hodi. Kamio ya Fidèle imekufa njiani, kilometa kumi na saba toka hapa," alisema. "Imebeba muchele ya Lusangi. Na juu ya muchele kuko mutoto mugonjwa. Tumbo yake imevimba upande wa kuume. Infirmier, ule muuguzi wa Lusangi, amesema dokteri wa Kasongo amupasue leo. Leo, si kesho."

"Gari iko na shida gani?"

"Mi sijui, fundi. Imezima na haiwaki tena."

Fundi Atumani alikwisha simama, pampu ya baisikeli mkononi. "Faida, mama, funga mufuko ya njia. Mi natia pumzi kwa kinga. Tutaenda pamoja, nitataka mikono yako."

Faida aliruka kwa furaha. Kisha akauangalia mfuko, akayakumbuka macho ya Ismaël, akawaza watu watakaokusanyika pale barabarani kumtazama baba yake akichomoa kopo na sabuni. Bila kufikiri mara mbili alitoa takataka zote pamoja na spana nne nyeusi, akazisukuma chini ya meza. Mahali pake akatia sanduku jekundu. Mfuko ulijaa pomoni.

"Umekuwa muzito," baba yake alisema akiufunga kwenye baisikeli. Lakini hakuwa na wakati wa kuufungua. Faida alipanda nyuma, na wakaondoka.

Walifika saa nne. Lori lilisimama ubavuni mwa barabara, chini kidogo ya kijiji cha Wabangubangu. Kivulini, juu ya mkeka, alilala mvulana wa rika la Faida, magoti ameyakunja, midomo imekauka. Jina lake Hippolyte. Mama yake, Mathilde, alimpepea kwa jani la mgomba na hakuinua hata kichwa kuwaamkia.

"Papa Atumani, Mungu amekuleta," alisema Fidèle, dereva kijana. "Naona ni jiwe. Pale kwa daraja ya magogo nilisikia kitu kimegonga chini. Kisha gari ikazima. Tangi haina esansi hata tone. Niko na bidoni moja ya akiba, lakini naogopa kuitia."

"Umefanya vizuri kuogopa," alisema fundi, akatambaa chini ya lori. Alipapasa tangi polepole mpaka kidole chake kikapata tundu, dogo kama punje ya mpunga. Akacheka kwa faraja. "Ni kazi ya nusu saa. Faida, sabuni."

Alinyoosha mkono kutoka chini ya lori kama alivyozoea. Faida hakutia kitu.

"Faida. Sabuni, mama."

Faida alirudi nyuma hatua moja. Fundi Atumani alitoka mwenyewe, akafungua mfuko, na sanduku jekundu likatokeza likimetameta juani. Alitia mkono chini yake, akakuta nyundo, bisibisi, tupa na kisu. Bila sabuni ilimbidi alifungue tangi, basi alijaribu spana moja mpya kwenye nati yake, ikateleza. Akajaribu ya pili. Nayo ikazunguka bila kushika.

"Hizi ni za gari za Ulaya," alisema. "Kamio hii ni ya Amerika, vipimo vyake ni vingine." Kisha akajipiga paji la uso. "Vitu vyetu vimeanguka. Ni mimi sikufunga mufuko vizuri, umetikisika sana kwa ule mulima. Fidèle, ningoje. Nitarudi nyuma nivitafute."

Akaishika baisikeli. Faida alimtazama. Baba yake alikuwa amejitwika kosa ambalo si lake, na hakuna mtu aliyejua. Angenyamaza tu. Jioni angevirudisha vitu mahali pake na habari ingekwisha. Lakini baba angekwenda hadi mlimani, pengine hadi Kasongo, akitazama majani ya kando ya njia kutafuta vitu vilivyo chini ya meza, na mvulana yule kwenye mkeka angekuwa bado anangoja. Hippolyte alitoa sauti ndogo, kama mtu anayejizuia asilie mbele za watu. Faida alikimbia akashika kiti cha nyuma cha baisikeli kwa mikono miwili.

"Baba, usiende," alisema. "Havikuanguka. Mimi nilivitoa. Viko chini ya meza."

Fundi Atumani aligeuka akamtazama. Fidèle naye alimtazama. Hata Mathilde aliinua kichwa. Faida alitamani ardhi immeze.

"Kwa nini?"

"Niliona haya, baba. Watu wanavicheka. Nilitaka wakuone na vifaa vizuri."

Baba yake aliilaza baisikeli chini. Hakupaza sauti. "Umekosa sana," alisema. "Lakini aksanti kwa kusema sasa, kabla sijapotea barabarani. Mengine tutaongea nyumbani. Sasa kimbia kule kijijini, uulize nani iko na sabuni. Kipande kimoja tu."

Faida alikimbia kama hajawahi kukimbia. Katika nyumba ya kwanza hapakuwa na mtu. Wote walikuwa shambani. Katika ya pili alimkuta mama mmoja mtu mzima, jina lake Anastasie, akichambua pamba kibarazani. Faida alieleza yote kwa pumzi moja, hata la aibu yake hakulificha.

Mama Anastasie aliingia ndani, akatoka na bonge la sabuni jeusi, ile inayopikwa kwa mawese na majivu ya maganda ya ndizi.

"Iko moja tu," alisema. "Niliiweka kwa kufua nguo za mujukuu wangu. Jumapili anabatizwa."

Faida alirudisha mkono. "Basi, bibi, mujukuu atavaa nini?"

"Atavaa nguo chafu na Mungu atamujua. Shika, mutoto. Beba na hii pamba kidogo, pengine itafaa."

Fundi Atumani alipoliona bonge lile alisema, "Alhamdulillahi," akaanza kazi. Alikanda sabuni na pamba mpaka ikawa kama unga wa ugali mgumu. Maana petroli huyeyusha rangi, hulegeza hata mpira, lakini sabuni haiyeyushi. Faida, ambaye mikono yake ilipenya vizuri kati ya tangi na chuma cha lori, alisukuma ule mkando ndani ya tundu, akaushikilia kwa kidole gumba.

Lilitakiwa bati la kuukandamiza. Kopo lilikuwa nyumbani. Fundi alitazama huku na huku, kisha akachukua sanduku jekundu, akalivunja kifuniko kwa nyundo na kukikunja kifuate mviringo wa tangi. Rangi ilibanduka vipande vipande. Ilitakiwa pia kamba ya mpira. Vipande vyao vilikuwa nyumbani. Basi akafungua gurudumu la nyuma la baisikeli yake mwenyewe, akatoa mpira wa ndani, akaukata kwa kisu. Faida aliona kisu kikipita katika mpira ule, akasikia kama kinampita yeye. Lakini hakuondoa kidole gumba mpaka baba yake alipomaliza kufunga.

Fidèle alimimina petroli ya bidoni. Wakachuchumaa wote wanne, Mathilde akiwemo, wakitazama chini ya tangi. Hakuna kilichodondoka. Wakangoja tena. Hakuna. Mtambo ulikohoa mara tatu, ukawaka.

Baisikeli isiyo na mpira ilipakiwa juu ya magunia. Fundi Atumani alikaa karibu na dereva ili asimamishe gari na kukagua tangi kila baada ya kilometa chache, na Faida alikaa nyuma na Mathilde, aliyelaza kichwa cha Hippolyte mapajani mwake. Njiani Mathilde alimshika Faida mkono. Faida hakujua kama ameshukuriwa au amesamehewa. Yote mawili yalimtosha.

Saa saba walifika hospitali ya Kasongo, na Hippolyte akapokelewa moja kwa moja.

Alasiri ile Faida alivitoa vitu chini ya meza mwenyewe, akavipanga mbele ya baba yake, akangoja adhabu. Baba yake alimwamuru achore kwa mkaa ukutani umbo la kila kimoja, hata la sabuni, na kando ya kila umbo aseme kifaa kile kinaokoa nini. Kazi hiyo ilimchukua mpaka magharibi. Siku ya pili Ismaël alipita akaliona umbo la mraba kati ya koleo na nyundo.

"Hii ni ya nini?"

"Ya sabuni," alijibu Faida bila haya yoyote.

Habari ya Hippolyte ilikuwa imekwisha enea mtaa mzima. Ismaël akauliza kwa upole kama anaweza kusaidia kufagia.

Jumamosi asubuhi baisikeli ilikuwa na mpira mwingine wenye viraka vitano. Faida na baba yake walipanda tena barabara ya Kabambare. Faida alipakata vipande viwili vya sabuni ya kufulia. Kimoja ni kile kile alichokitupa chini ya meza, na cha pili alikipata kwa mama yake baada ya kumweleza ukweli wote. Mama Anastasie aliwapokea kwa vicheko, akavinusa vipande vile, akasema mjukuu wake sasa atang'aa kuliko padri.

"Na ule mutoto?" aliuliza.

"Amepasuliwa siku ile ile," alisema fundi Atumani. "Dokteri alisema kama angechelewa mpaka usiku, tungesema mengine. Jana amekunywa uji. Mama yake anakusalimia sana."

Mama Anastasie alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Basi ile sabuni yangu ilifua vizuri," alisema.

Fundi alichukua jembe na panga la mama yule, akakaa kibarazani akavinoa kwa tupa. Faida alimshikia jembe lisitikisike. Alipoona baba yake hana hasira tena, alisema kile kilichokuwa moyoni tangu Alhamisi.

"Baba, aksanti. Hukunipiga mbele ya watu. Na ulikata shambreri, mpira wa ndani wa kinga yako, sababu yangu."

"Niliikata sababu ya Hippolyte," alijibu baba yake, akicheka. Kisha akaweka tupa chini. "Sikia, mama. Kuchagua kifaa si kuangalia kile kitapendeza watu. Uliza kwanza kazi: gari hii ni ya wapi, njia iko namna gani, nini inaweza kuharibika, mufuko unabeba kiasi gani. Kila kitu kwa mufuko wangu kiliingia kwa sababu siku moja nilikikosa na nikaumia. Hata lile sanduku si baya. Siku gari ya Ulaya italala kwetu, tutalishukuru. Na ukikosa, sema mapema, kama ulivyosema. Siku ile, katika vifaa vyote tulivyokuwa navyo barabarani, maneno yako ndiyo yalifanya kazi ya kwanza."

Faida aliinamisha kichwa, akalishika jembe vizuri zaidi, na baba yake akaendelea kunoa.