Redio na Bobini Tupu

Kila Jumamosi asubuhi Redio alifagia vipande vya nyuzi sakafuni, kisha akaifuta vumbi cherehani ya shangazi yake na kuitia mafuta. Hakuna aliyemwita kwa jina lake halisi. Msichana huyo aliosha vyombo akiimba, akafanya hesabu akiimba, na hata alipogombezwa kichwa chake kilicheza mdundo alioujua mwenyewe.

Jumamosi hiyo shangazi alikuwa mbioni kwenda dukani kutafuta vifungo. Mezani palikuwa na gauni jeupe la muuguzi, limekatwa na kubanwa kwa pini.

"Unganisha ubavuni, kisha mikono," alisema. "Mwenyewe anaanza kazi leo mchana, na hana gauni jingine. Ukifanya vizuri, kiti cha cherehani ni chako kila Jumamosi. Ukiboronga, utabaki na ufagio wako. Na hivyo vidude vya masikioni uviache."

"Lakini shangazi, mbona wewe huimba ukishona?"

"Nimesema uviache."

Redio alinuna. Iliudhi sana kukatazwa jambo na mtu anayelifanya kila siku! Shangazi alipokata kona tu, akavichomeka vile vidude masikioni na kufungulia wimbo wenye ngoma nzito. Mguu wake ukafuata ngoma, cherehani ikaenda mbio, naye akajiona fundi hasa.

Alipomaliza alichomoa pini zote, akaliinua gauni alitazame. Mkono mmoja ukaanguka sakafuni. Akauvuta wa pili kidogo tu, nao ukatoka bila ubishi. Ubavu mmoja ukaachia kuanzia kwapani hadi chini. Machozi ya hasira yakamlenga. Kazi yote ile bure! Akaipiga cherehani kofi.

Wakati huohuo shangazi aliingia, muuguzi akiwa nyuma yake.

"Jamani!" muuguzi alisema. "Ndiyo niende kazini na kizibao?"

"Cherehani imeharibika, shangazi," Redio alisema upesi.

Shangazi aliketi kwenye cherehani. Akafungua kifuniko kilicho chini ya sindano, akatoa bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Kilikuwa kitupu. Tangu ubavu wa pili, Redio alikuwa ameshona kwa uzi wa juu peke yake.

"Haijaharibika. Ilikuambia kwamba uzi umekwisha, tena kwa kelele." Akairudisha bobini tupu na kulizungusha gurudumu la cherehani. Kitu kikagongagonga ndani. "Hukusikia?"

Redio aligusa waya uliokuwa ukining'inia shingoni mwake. Alikuwa na haya, na hasira pia.

"Niliweka muziki. Nimekudanganya, shangazi, cherehani ni nzima. Lakini hata wewe huimba!"

"Naimba, ndiyo, ila masikio yangu yako wazi. Cherehani ikibadilisha sauti, wimbo wangu unakatika hapohapo. Wewe uliyaziba."

Alibadilisha bobini, akaunganisha ubavu na mkono mmoja chapuchapu, kisha akainuka kwenda kuwasha pasi. "Malizia huo mwingine."

"Yeye tena?" muuguzi aliguna, akitazama saa yake.

Redio alishona polepole, meno ameyauma. Shangazi alipiga pasi huku akiimba. Mshono ulipokaribia mwisho, cherehani ikaanza kugongagonga. Mguu wa Redio ukasimama. Alipogeuka, shangazi naye alikuwa ameshanyamaza.

"Uzi wa chini umekwisha," Redio alisema.

"Nilijua hautafika mbali," shangazi alijibu, akitoa mfukoni bobini iliyojaa.

Muuguzi aliondoka amevaa gauni lake, akiinua mkono mmoja baada ya mwingine kuhakikisha kwamba mikono ya gauni haichomoki.

"Muziki si adui wa kazi, mwanangu," shangazi alisema. "Tukishona vifungo kwa mkono, weka redio hapo rafuni tusikilize wote. Lakini kazi inayosema nawe, ipe masikio yako kwanza. Na ukikosea, usiisingizie cherehani, maana haiwezi kujitetea."

"Nimesikia, shangazi." Bila kungoja kuambiwa, Redio akaenda kuchukua ufagio.

Shangazi akamnyang'anya. "Leo nafagia mimi. Wewe rudi kwenye kiti chako."