Usingizi Uliogawiwa Mlangoni

Kila asubuhi, wakati watoto wenzake wakiwaaga mama zao, binti mmoja alikuwa akimpokea wa kwake. Mama alirudi kutoka zamu ya usiku ameshika viatu mkononi, miguu imevimba. Alikunywa chai akiwa amesimama, maana akikaa hainuki, kisha akatundika shuka zito dirishani kuzuia mwanga. Akishamwambia binti yake afunge mlango vizuri, basi huyo, kitandani.

Mama alikuwa muuguzi wa kujazia mapengo. Hospitali ikipungukiwa na wauguzi, alipelekwa huko. Pengo likizibwa, au wakubwa wakijifanya limezibwa, alihamishwa kwingine. Ndiyo maana binti huyu alikuwa amepita shule nyingi kuliko sare alizonazo. Katika kila shule jina lake halisi lilichelewa kujulikana. Aliitwa Mgeni, basi.

Wodi ya safari hii zamani ilikuwa na wauguzi wanne kila usiku. Wakaondolewa wawili, watu wakaambiwa ni kwa muda mfupi. Waliosema hivyo wameshapandishwa vyeo, na huo muda mfupi haujaisha hadi leo. Kwa hiyo Mama aliombwa kuongeza zamu: leo amshikie huyu, kesho amshikie yule. Siku zake za mapumziko zililiwa huku anatazama.

Shuleni, Mgeni alikaa dawati moja na binti wa fundi cherehani, ambaye hakuwa akimsemesha. Mpaka siku aliposikia kwamba mama yake ni nesi.

"Bibi yangu ana kidonda mguuni, hakiponi," alisema. "Mama yako hawezi kumtazama?"

"Anaweza," Mgeni alijibu haraka. "Mje wakati wowote. Mchana yupo tu."

Yupo tu! Hivyo ndivyo wanavyosemwa wote wanaokesha ili wengine walale.

Bibi akaletwa saa za mchana. Mama aliamka, akanawa uso, akakiosha kile kidonda na kukifunga. Fundi cherehani alicheka pale mlangoni, akasema ndiyo maana wahenga walinena mgeni njoo mwenyeji apone. Habari zikaenea, na kila aliyemuuliza Mgeni alipewa jibu lile lile. Akaja mwenye mtoto anayekohoa, akaja wa kupimwa presha, akaja na mwingine aliyetaka tu kuoneshwa dawa gani ya kutangulia kumeza. Mama hakumfukuza mtu. Alidhani wamejua wenyewe kwa kuiona sare yake.

Mgeni naye akawa mtu mbele ya watu. Aliitwa kuruka kamba, akawekewa nafasi kwenye foleni ya bomba. Nyumbani aliona mengine: Mama akitia chumvi kwenye chai, Mama akisinzia huku anafunga kiatu. Aliyaona, akanyamaza. Urafiki ni mtamu kwa aliyeukosa muda mrefu.

Jumamosi moja Mama alirudi, wala hakuliziba dirisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda na sare yake.

"Nusura nimchome mgonjwa sindano ya mwenzake," alisema taratibu. "Ni dawa ya kushusha sukari, na yule hana ugonjwa wa sukari. Alinyoosha mkono mwenyewe, akanitabasamia. Mwenzangu ndiye aliyenidaka."

Mgeni aliuliza kwa sauti ndogo ingekuwaje.

"Huenda asingeamka."

Hodi ikapigwa. Mama akaanza kuinuka. Mgeni akasimama mbele yake, akalia, akasema yote: kwamba ndiye aliyewaita wote wale, kwamba alitaka apate wa kucheza naye.

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Alimtazama mwanawe mpaka aliyepiga hodi akachoka, akaondoka.

"Kumbe mlango wangu ulifunguliwa na mtu wa ndani," alisema.

Mgeni alipouliza kama awafukuze wote, Mama alikataa. Bibi wa watu hawezi kuadhibiwa kwa kosa la mtoto. Wenye shida waje jioni, kabla hajaenda kazini; mchana ni wa kulala. Ila aliyewaita ndiye atakayewaambia.

Mgeni akajikaza kisabuni, akapita nyumba hadi nyumba. Fundi alisimamisha cherehani, akasikitika. Alisema angejua asingegonga. Bintiye hakuwa mwepesi kusamehe.

"Kumbe ulikuwa unatugawia usingizi wa mama yako," alisema. "Na sisi tukaupokea."

Jumatatu hakuna aliyemwita kuruka kamba.

Mama naye alikwenda kwa mkuu wa wauguzi, akaeleza kosa lililotaka kutokea bila kujitetea, kisha akakataa zamu za nyongeza. Akaambiwa wagonjwa watateseka. Akajibu kwamba walianza kuteseka siku walipoondolewa wale wawili. Akatishiwa kuhamishwa; akasema kuhama amezoea. Mwishowe alirudishiwa siku yake ya mapumziko. Muuguzi wa kuongezwa hakuletwa, na wodi ilibaki vile vile.

Siku hiyo ya mapumziko ilipofika, Mama alijilaza, Mgeni akakaa miguuni pake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ukarimu ni kutoa kilicho chako. Saa za mtu ni uhai wake, huzigawi kwa niaba yake ili wewe upendwe. Ulikosa. Lakini nami nilikosa. Nilichoka, nikaona haya kusema nimechoka. Wakubwa wanaipenda sana haya hiyo. Ndiyo inayowafanyia kazi bure. Ukikua, fanya kazi kwa bidii, ila saa zako za kupumzika uzipange na uzitetee. Mchovu hamsaidii mgonjwa. Anamwongezea hatari."

Mgeni alitaka kumwomba radhi tena. Alipoinua macho, Mama alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo kama mtoto. Akashuka kitandani bila kelele, akaenda kukaa kizingitini, peke yake, na kila aliyekuja alimwambia ukweli: Mama amelala.