Tone Chini ya Kitanda cha Bibi

Shemsa hakuwa na chumba. Hakuwa na meza ya kuandikia, wala viatu vya mvua, na mvua ya Birmingham haikuwa na simile. Hakuwa na baba karibu. Baba yake alikuwa Mombasa akisubiri hati za kusafiri. Tangu nyumba waliyopanga mtaa wa Nechells ilipobomolewa, yeye, mama yake na bibi yake waliishi ndani ya gari kuukuu lenye vitanda na jiko, lililoegeshwa uani kwa Bwana Gurnam, fundi wa mabasi.

Kila alfajiri Shemsa aliwasha tangi la maji moto, Bibi apate maji ya udhu. Tangi lilikuwa chini ya kitanda cha Bibi, na majira yale ya baridi lilianza kudondosha maji. Zulia lililowa likaota ukungu. Kikohozi cha Bibi kikazidi.

"Mwambie Bwana Gurnam," alisema Mama, akiondoka kwenda kufua mashuka ya hospitali moja huko Edgbaston.

Shemsa aliona haya. Mtu amewapa pa kulala bure, kisha apelekewe malalamiko? Alichonga mpini wa mwiko, akaugongomea kwenye kijibomba cha tangi kilichodondosha, akakaza kwa tambara la kanga. Maji yakakatika.

"Fundi alikuja?" Mama aliuliza jioni.

"Limetengenezwa, Mama."

Asubuhi iliyofuata tangi lilipasuka. Maji ya moto yalimfika Bibi mguuni alipokuwa anashuka kitandani. Alirudi kukaa kitandani, godoro likichuruzika.

Shemsa alikimbia kumwita Bwana Gurnam, naye akaja na mkoba wake wa vifaa. Alikuwa mtu wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji.

"Nani ameweka hii mti hapa?"

"Mimi."

"Basi wewe fundi, mimi nishike taa." Hakucheka. Alifungua vali, kizibo cha usalama cha kijibomba kile, akamwonyesha chembe ya kutu. "Hii tu ilifanya idondoke. Kuosha, kwisha. Hii bomba inatoa maji tangi ikizidi joto. Wewe umeziba, itapumua wapi?"

"Niliona haya kukusumbua."

"Sasa haya yako imechoma mama mzee."

Aliunga tangi kwa risasi iliyoyeyushwa, akaosha vali, akairudisha. Halikudondosha tena.

Mama alimfunga Bibi mguu, kisha akatoa barua ya Baba iliyokuwa bado haijafungwa. Shemsa ndiye aliyeiandika, kama kawaida: sisi huku wazima, hatuna shida ila kukukumbuka.

"Na mimi nimekuwa naziba," Mama alisema polepole. "Tatizo ukilificha, mwanangu, unamnyima nafasi yule awezaye kukusaidia. Andika upya."

"Usimtie mwanangu wasiwasi, Mize," Bibi alimwambia Mama, akikohoa.

"Ni mama yake anayeumwa. Ana haki ya kujua."

Shemsa aliandika: Baba, Bibi anaumwa kifua, na mguu umeungua kwa kosa langu. Tunaishi ndani ya gari. Himiza hati zako.

Mama alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja. Shemsa akaificha barua ndani ya koti isilowe, akaenda kuitumbukiza posta.