Mghoi na Kitu Kinachopumua Ndani ya Breki

Kilimani kwao Mghoi, ukungu hushuka mchana kweupe. Siku hiyo ulifunika migomba. Ukafunika hata gari la zamani, likabaki kivuli tu.

Gari lenyewe lilikuwa limeliwa na kutu. Upepo ukipita, mlango wake ulilia: kriii.

Mama alikuwa hospitali, kule bondeni, na mtoto mchanga. Kesho yake walitakiwa kufuatwa na gari hilo, warudi nyumbani. Lakini njia ni mteremko mtupu, na breki za nyuma hazikushika.

“Bila breki hatushuki,” akasema shangazi Wakesho. “Hata kwa maombi.”

Shangazi akalala chini, nyuma ya gari, na spana yake. Mghoi akakaa ukingoni mwa kiti cha mbele. Miguu yote miwili, juu ya breki.

Akageuka. Hakumwona shangazi. Aliona ukungu tu.

“Kanyaga!” ikaita sauti ukunguni.
“Nimekanyaga!”
“Shikilia!”
“Nimeshikilia!”

Hiiiii...

Kitu kikapumua kule nyuma. Breki ikazama yenyewe, polepole, kana kwamba kuna anayeivuta kutoka chini ya ardhi.

Mghoi akainua miguu. “Shangazi! Humu ndani kuna mtu!”

“Mwambie ashuke atusaidie kazi.”

“Anapumua! Ananivuta miguu!”

“Ni hewa, mwanangu. Imejificha ndani ya breki. Ukiachia kabla sijasema, inarudi ndani. Tuanze tena.”

Mghoi hakuamini. Hewa gani ina mikono?

“Kanyaga!”
“Nimekanyaga!”
“Shikilia!”
“Nimeshi... nimeshikilia!”

Hiiiii...

Mlango ukalia: kriii. Ukungu ukaingia ndani, baridi, ukapanda hadi magotini. Breki ikazama. Ikazama. Ikazama.

Mghoi alitaka kukimbia. Akamkumbuka mama.

“Vuta tu,” akanong'ona. “Sikuachii. Toka humo! Mtoto wetu anakuja.”

“Achia!” akaita shangazi.

Wakarudia. Wakarudia tena. Hiiiii... Hiii... Hi.

Kimya.

Sasa breki ilikuwa ngumu kama jiwe.

“Njoo umwone huyo mtu wako,” akasema shangazi.

Mrija mwembamba wa mpira ulitoka kwenye breki ukaingia ndani ya chupa ya mafuta. Povu moja la mwisho likapanda polepole. Likasimama. Likamtazama Mghoi.

Pu! Likapasuka.

Na ukungu, kama vile umesikia, ukarudi nyuma kidogo.

Kesho yake gari likashuka mlima. Kila kona, shangazi alikanyaga, nalo likatii. Likasimama mbele ya lango la hospitali, palepale alipokuwa mama na kifurushi chake cheupe.

“Mmefika!” mama akacheka. “Kwa lile gari bovu?”

“Muulize fundi wangu,” akasema shangazi.

Usiku ule, nyumbani, Mghoi, mama na mtoto walilala kitanda kimoja. Mtoto akapiga chafya, ndogo kabisa. Mghoi akamfunika vizuri, akafumba macho.