Dakika Ishirini za Zuio

Chembe-tabibu milioni nne zilikuwa zimeshaingia kichwani mwa Ambakisye kabla gari la wagonjwa halijasimama. Kila moja ilikuwa mashine ndogo kuliko seli ya damu, na zote zilimtii Dakta Tusajigwe Mwakalobo, mwanamke aliyezibuni katika hospitali moja jijini Mbeya. Asubuhi hiyo Ambakisye, mchomeleaji wa mabomba kwenye kituo cha umeme wa joto la ardhi, alizidiwa na hewa chafu kwenye kisima cha mvuke. Ubongo wake ulikaa dakika tisa bila oksijeni.

Kwenye skrini, Tusajigwe aliona wekundu ukitambaa ubongoni. Ilikuwa oksidi ya nitriki, gesi ambayo mwili hujitengenezea. Kuta za mishipa zikiitoa, mishipa hutanuka na damu ikapita. Lakini seli za ubongo zikikosa oksijeni huimwaga bila kiasi, ikageuka sumu ya kuziua seli zenyewe. Chembe-tabibu zilizuia mmwago huo wa seli na kuiacha mishipa iendelee na kazi yake.

Mashine ikapendekeza zuio la dakika sitini, kama kwa wagonjwa watatu waliotangulia. Wote watatu walitoka hospitalini wakitembea, na Tusajigwe akatia sahihi kwamba wamepona. Mwezi uliopita ndipo alipogundua kwamba seli huitumia gesi hiyohiyo, kidogo kidogo, kuhifadhi kumbukumbu mpya. Ikizuiwa saa nzima, uwezo huo hufa. Wale watatu walikumbuka ya zamani yote. Ya jana hawakuyajua.

Sekela, mke wa Ambakisye, alifika mbio akiwa bado na aproni ya kiwanda cha chai. Tusajigwe alimweleza yote pale mlangoni. Kwa saa nzima, mumewe angeokoka lakini huenda asihifadhi jambo jipya tena. Kwa dakika ishirini, kumbukumbu ingenusurika, ila seli nyingi zingekufa, na pengine yeye mwenyewe. Zuio lilikuwa limefika dakika ya kumi na sita.

"Ndugu za hao watatu, daktari, uliwaambia?"

"Sijawaambia, dada."

Sekela alimtazama mumewe kupitia kioo. "Ishirini," alisema.

Dakika ya ishirini ilipotimia, Tusajigwe akaliondoa zuio. Wekundu ukafurika, mapigo ya moyo yakashuka, yakapotea, kisha yakarudi moja moja. Polepole yakashika mwendo.

Ambakisye alizinduka siku ya tatu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa. Kuchomelea ndiyo basi. Kesho yake alimuuliza mkewe kama yule fundi ambaye Sekela alimtaja jana amekwisha tengeneza paa. Sekela akatoka hadi kwenye korido, akalia.

Wiki hiyo Tusajigwe alikwenda Tukuyu, kwa mgonjwa wake wa kwanza, mwalimu mstaafu. Alimweleza mke wa mwalimu huyo kila kitu, na kwamba alinyamaza mwezi mzima.

"Miaka miwili," mama yule alisema, "nikimweleza jambo, kesho ananiuliza tena. Nilidhani ananidharau. Nimemgombeza sana, daktari."

Kisha akainuka, akaenda uani alikokuwa mumewe akipukuchua maharage. Akaketi karibu naye, akaanza kumweleza upya, polepole, jambo ambalo mzee alimuuliza asubuhi.