Saini Zetu na Uwanja wa Majogoo

Ndugu zangu wa Bagong Sapa, mnaijua habari hii, lakini nitaisema tena, maana wapo wanaotaka tuisahau.

Jumapili ile Perpetua alikuwa akikaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu. Mumewe, Eleuterio, alikaa uani akimpangusa jogoo wake kwa kitambaa.

"Leo utarudi saa ngapi?"

"Pambano moja tu, mama."

"Wewe na pambano moja! Jogoo unamkanda mgongo, bega langu hujaliuliza hata siku moja."

Wakacheka, akaenda.

Uwanja wa kupiganisha majogoo haukuwa mbali. Uko kwenye barabara pekee ya kwendea zahanati. Sheria ya mji inasema hakuna leseni mpaka majirani waridhie. Basi waliridhia lini? Mwaka uliotangulia Kapteni Hilario, mkuu wa kijiji, aliita mkutano, akapitisha karatasi. "Tieni saini za mahudhurio, mle tambi." Tukatia, tukala. Juu ya karatasi palikuwa patupu. Baadaye pakaandikwa kwamba sote tumekubali uwanja.

Basi Jumapili ile, saa nne asubuhi, Perpetua alianguka jikoni, kifua kimembana. Jirani alimpakia kwenye bajaji, akampigia Eleuterio simu mara sita. Katika kelele za wanaobeti, hakusikia. Alipotoka uwanjani, aliikuta bajaji imekwama kati ya magari ya wageni wa uwanja, yameegeshwa huku na huku. Akambeba mkewe mgongoni, akakimbia. Kwenye zahanati muuguzi alimgusa shingo, kisha akamfunika uso.

Kosa lake Eleuterio analijua, wala hamfichi mtu. Lakini nani aliyeuweka uwanja kwenye njia ya wagonjwa?

Mwezi wa tano leseni ikakaribia kwisha. Kapteni akaita mkutano, akapitisha karatasi.

"Kaka Eleuterio, saini hapo. Ni mahudhurio tu."

"Mbona juu hapajaandikwa kitu?"

"Karani ataandika. Wewe na kusoma mlijuana lini?"

Watu wakacheka. Eleuterio hakucheka.

"Niliishia darasa la tatu, Kapteni. Maneno matatu nayaweza."

Akaishika kalamu, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizopinda: HATUTAKI UWANJA HAPA. Chini yake akatia saini.

"Umeharibu karatasi ya serikali, wewe."

"Nimeimalizia."

Kisha Soledad, muuza samaki, akainuka. "Kapteni, sogeza kiwiko nipate kuandika."

Saini zikafika sitini na tatu. Eleuterio akaipeleka karatasi mjini kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mbele ya madiwani mpaka wakaisoma kwa sauti. Leseni haikutoka. Lango limefungwa kwa kufuli, na Kapteni anasema atakata rufaa. Akate.

MAFUNZO

Usitie saini karatasi ambayo haijaandikwa kitu, hata kama anayekupa ni mjomba wako na chakula kinanukia.

Nanyi wakubwa, msituambie mchezo huu ni wa mababu. Mababu hawakumzibia mgonjwa njia. Perpetua hatarudi, na mumewe atalala na kosa lake mpaka kufa kwake. Ninyi la kwenu mmelilaza wapi? Iteni mikutano mtakavyo. Tutakuja, na kalamu tutabeba za kwetu.